Damu Aliyoipitisha Mwenyewe

Wenzake maabarani walimwita Mama Rudia. Kipimo kikimtia shaka alikirudia, na kisipomtia shaka alikirudia pia. Miaka kumi na tisa alipima damu za wachangiaji, na hakuna mfuko uliotoka kwenye friji bila sahihi yake.

Mdogo wake wa tumbo moja alipojifungua mtoto wa tatu alitokwa na damu nyingi, akaongezewa mifuko miwili. Mama Rudia ndiye aliyeipima. Alipopata nafuu, mdogo mtu akamtania kwamba sasa ana damu za watu, akianza uvivu wasimlaumu yeye.

Miezi mitatu baadaye macho yake yakawa ya manjano. Virusi vya ini. Mama Rudia akafungua daftari, akawaita wale wachangiaji wawili. Mmoja, fundi seremala, akakutwa navyo. Siku alipotoa damu alikuwa ndiyo kwanza ameambukizwa, virusi vikiwa vichache mno kwa kipimo chao kuviona.

Alikwenda wodini akamweleza mdogo wake yote, bila kujitetea.

"Ulirudia?" mgonjwa akauliza.

"Mara mbili."

 Mdogo mtu akajisogeza kitandani, dada yake apate pa kukaa. Wiki ya tatu wakamzika.

Matanga yalipokwisha, Mama Rudia alimwendea mkuu wa maabara. Ghorofa ya juu kulikuwa na mashine inayotafuta virusi vyenyewe hata vikiwa vichache, ila ilitumika kwa wagonjwa tu. Kemikali zake zilikuwa haba, hazingetosha kila mfuko. Akaomba ajaribu kuchanganya sampuli za wachangiaji kadhaa katika kichupa kimoja. Kikionyesha virusi, ndipo apime mmoja mmoja. Alianza na wanane, mashine ikashindwa kuwaona wenye virusi vichache. Sita, hali ileile. Mwaka mzima ukapita hivyo. Alipofika wanne, akaingiza humo sampuli ya seremala iliyogandishwa tangu siku alipotoa damu. Mashine ikaviona.

Wenzake walipiga makofi. Yeye alitoka, akakaa kwenye benchi la korido na glavu zake mikononi.

Jioni alimpitia shemeji yake, mume wa marehemu, akamwambia.

"Kumbe vingeonekana," shemeji akasema, kisha akaendelea kukunja nguo za watoto.

Utaratibu ule unatumika pale hadi leo, na mifuko kadhaa imeshazuiwa. Yule mtoto wa tatu sasa anaongea. Anamwita Mama Rudia "mama", naye humsahihisha kila mara: "Mama mkubwa."