Mfereji Uliokuwa na Nukta Moja

Jumatatu niliambiwa kwamba yule bibi shamba mstaafu wa Chome amefariki, na amekwisha kuzikwa huko huko mlimani. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulifanya kazi pamoja wiki tatu tu, hapa Same, tukichora ramani ya mifereji ya umwagiliaji kwa ajili ya mradi wa ukarabati. Mfereji usiokuwa kwenye ramani usingepata saruji.

Mimi niliandika skripti ya Python, yaani maagizo ya kompyuta, ya kupima urefu wa kila mfereji. Ilikwenda dakika mbili, kisha programu nzima ya ramani ikajifunga bila kusema kosa ni nini. Nililaumu kompyuta, nikalaumu toleo jipya la programu. Kazi hii nimejifundisha mwenyewe, na siku hiyo nilikuwa nimefika mwisho wa ninachokijua. Bibi shamba akaingia, nikamsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Imekufa tena?"

"Imekufa."

"Usiizike kwanza. Mfereji ukivuja, sisi hatuufuati wote tangu juu. Unaenda katikati. Ukikuta maji, tobo liko chini. Gawa hiyo orodha yako."

Niliigawa nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka ukabaki mfereji mmoja. Ulikuwa na nukta moja tu, na nukta moja haifanyi mstari. Nikafurahi. "Naufuta, mama. Keshokutwa tunawasilisha."

"Na walio chini yake wamwagilie mate?"

Akampigia simu mpimaji aliyeutembea mfereji ule na kifaa cha GPS, akaweka spika. "Baba, mbona umetuletea hatua moja? Ulichoka?"

Yule bwana akacheka. "Mama, pale maji yanaingia msitu wa matambiko wa ukoo mmoja wa huku. Mimi si wa kwao. Nilipima ukingoni, nikageuka."

"Vizuri. Sasa mbona hukuandika?"

"Niandike wapi? Fomu yenu ina namba tu."

Fomu niliitengeneza mimi. Kesho yake bibi shamba alipanda mlimani, mtu wa ukoo ule akaingia msituni na kifaa, yeye akamsubiri nje. Skripti ikaenda mpaka mwisho, na mfereji ukaingia kwenye orodha ya kukarabatiwa.

Tangu siku ile najiuliza jambo ambalo sijapata jibu lake. Ni rahisi mno kuiamuru skripti iruke kila kinachoisumbua. Sentensi moja inatosha, na hakuna atakayejua. Je, katika ramani tunazoziamini, ni sehemu ngapi zimebaki tupu kwa sababu tu mtu fulani alikuwa na adabu akaishia mlangoni? Sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta tunaliita jambo hilo kosa la data. Kwa yule mama, kila mstari ulikuwa umeletwa na mtu, na ukiiangusha mashine, kazi ya kwanza ni kumpigia huyo mtu na kumuuliza aliona nini.