Mmoja Wodini, Mmoja Nyumbani

Niliruhusiwa kutoka hospitali bila mtoto. Mwanangu wa pili alizaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba, akiwa mdogo kiasi kwamba nesi aliponionyesha nilidhani ameshika kitenge kitupu. Mimi nilikuwa mzima. Yeye alibaki kwenye chumba cha watoto njiti, kofia kichwani, mpira mwembamba umepita puani kwa ajili ya maziwa. Mume wangu alikuja kunichukua na bajaji. Nilipakata beseni lenye nguo za mtoto ambazo hazikuguswa, mpaka tukafika nyumbani.

Binti yetu wa kwanza, wa miaka minne, alitusubiri barazani. Aliangalia mikono yangu, akazunguka kuangalia mgongo wangu, kisha akainama kuchungulia ndani ya beseni.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hospitali, anakua kwanza."

"Kwa nini asikulie hapa?"

Nilimwambia ni mdogo sana, naye akanitazama kama mtu anayedanganywa.

Tangu hapo sikuwa mzima popote. Asubuhi nawasha moto, nakoroga uji, namwogesha mkubwa, halafu nakwenda wodini kukamua maziwa kwenye kikombe na kumbeba mdogo kifuani, ngozi kwa ngozi, kama tulivyofundishwa. Nikiwa wodini nawaza kama mkubwa amekula. Nikiwa nyumbani, kifua kinajaa maziwa na kulowesha blauzi, najua yule mwingine ana njaa. Mume wangu naye alikuwa anaamka alfajiri kwenda shambani, upande wa kuelekea kijiji cha Mbingu. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, na bila mtu wa kufukuza ndege tungebaki na makapi.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mmoja wa Kisukuma, aliyehamia bondeni kwetu na mumewe na ng'ombe wao. Tulikuwa tunasalimiana tu bombani. Asubuhi moja alinikuta mlangoni, mkoba begani, binti yangu ameng'ang'ania sketi yangu analia.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe nenda, mwanangu. Huyu nitashinda naye."

Hakuuliza zaidi. Akamwinua, akamfunga mgongoni, mtoto mkubwa yule, miguu inaning'inia. Jioni nilimkuta binti yangu ametulia, maziwa yamemkaukia juu ya mdomo. Baada ya siku chache akawa ananipokea kwa "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata jua likiwa linazama, na kumwita yule jirani mayu, yaani mama. Nilicheka kila aliposema. Kisha nilikuwa naingia chumbani na kukaa kitandani kidogo.

Jioni moja nilimwita akaoge. Akakataa.

"Nataka mayu aniogeshe."

"Mimi si mama yako?"

"Wewe ni mama wa mtoto."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema kuku ni wa fulani, jembe ni la baba. Ndiyo maana iliniuma.

Kesho yake nilikuwa nakamua maziwa huku machozi yananitoka, na maziwa yenyewe hayatoki. Nesi, mwanamke wa makamo, akakaa pembeni yangu mpaka nikamweleza yote.

"Baba yake yuko?"

"Yuko shamba."

"Ana kifua?"

Nikamtazama.

"Mwambie aje. Mtoto anataka joto, hachagui la nani."

Mume wangu alipolisikia hilo aliacha kula. "Mimi? Niingie kwa kina mama, kifua wazi?" Lakini usiku ule alimwomba mdogo wake amshikie zamu ya ndege, na asubuhi akaoga muda mrefu, akavaa shati lake la kanisani, lililopigwa pasi. Tulipofika wodini jambo la kwanza aliloambiwa ni kulivua.

Nesi akamlaza mtoto kifuani pake na kuwafunga pamoja kwa kitenge. Mume wangu akakakamaa kwenye kiti kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa mpaka ukingoni. Kina mama wengine waligeukia upande mwingine kwa heshima, mpaka mmoja wao akashindwa kuvumilia.

"Baba, pumua na wewe!"

Wote tukacheka, naye akacheka, na mtoto akapanda na kushuka juu ya kicheko chake bila kuamka.

"Namsikia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Moyo wake nausikia." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nenda nyumbani. Sisi tupo."

Nikaacha maziwa kikombeni, nikaondoka. Nilimkuta binti yangu kwa jirani, nikamrudisha nyumbani mchana kweupe. Vyombo vilikuwa vichafu, nikaviacha. Nikatandika mkeka uani, nikamweka katikati ya magoti yangu, nikaanza kumsuka. Alilalamika kwamba navuta. Nikalegeza. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Mtoto ana nywele?"

"Anazo. Laini, kama za hindi bichi."

"Utamsuka?"

"Akikua. Leo nakusuka wewe."

Akanilalia pajani, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine uko timtim, akasinzia. Sikumwamsha. Nilimtazama shingo yake, ambayo sikuwa nimeitazama tangu nilipokwenda kujifungua, mpaka maziwa yakanikumbusha kwamba natakiwa wodini.

Baada ya hapo tukapokezana. Mdogo aliongezeka polepole, mpira ukatolewa, akajifunza kunyonya mwenyewe. Alipokuja nyumbani watu walikuwa wameanza kuvuna.

Binti yangu alikaa mkekani sebuleni, miguu ameinyoosha, nikamwekea mdogo wake mapajani. Jirani yetu alisimama karibu, jagi la maziwa mkononi, hataki kukaa wala kuondoka. Binti yangu alimtazama mtoto kwa makini, vidole, masikio, kitovu.

"Sasa atarudi kwao lini?"

"Kwao ni hapa."

"Hapa kwetu?"

"Hapa kwetu."

Akasogeza paja ili kichwa cha mtoto kikae vizuri, akaniambia nifunge mlango, kuku wasiingie.