Nilimufunga Mujukuu Wangu Fundo la Gunia

Kijana mumoja alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, analilia kisu. Minye nilikuwa pembeni yake, nimeuma kitenge na meno, navuta, nasikia damu mu kinywa, na lile fundo halisogei. Chini ya pipa mujukuu wangu alikuwa anapiga mateke. Kisha akaacha.

Fundo lile nililifunga minye. Musitafute muchawi. Ni hii mikono yangu.

Naomba musome mpaka mwisho kabla ya kunitukana. Kisha mutukane, sikatai. Niliachia masomo darasa la tano, mukiona maneno yamepinda munisamehe. Jina langu siandiki. Lakini binti yangu akisoma atanijua, na ndiye ninayetaka ajue.

Minye ni mwanamuke wa kubeba. Tangu mume wangu alipokufa na vita, nachukua muchele bondeni, Nyakabere na Lubarika, naupandisha kamio, yaani lori, naushusha Uvira, nauuzisha ku soko la Kasenga. Mu kazi yetu fundo ndilo maisha. Gunia likifunguka juu ya kamio, muchele unamwagika barabarani na weye umekwisha. Kwa hiyo nilijifunza kufunga na mukono, goti na meno. Unazungusha, unapitisha chini, unauma, unavuta mpaka kitambaa kinalia. Fundo la namna ile halifunguliwi, linakatwa. Washofere walikuwa wanasema gunia la huyu mama hata panya anaomba kwanza ruhusa. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa najivuna!

Mutoto hafungwi hivyo. Kila mama wa kwetu anajua. Mutoto unamufunga fundo la kifuani, ncha moja inabaki inje, ukiivuta tu kitenge chote kinaachia. Hata mutoto mwenzake anaweza kulifungua. Mushike neno hilo, maana kosa langu lote liko pale.

Binti yangu Faida alikwenda Kalemie kutafuta maisha, akaniachia watoto wake wawili. Neema alikuwa anasoma materneli, masomo ya watoto wadogo. Asifiwe, mudogo wake, hakukuwa amefika miaka mitatu. Watoto hao nilikimbia nao masasi ya vita, mumoja mugongoni, mwingine mukononi, tukalala chini ya ndizi za watu. Tukarudi. Ziwa likapanda likakula nyumba tuliyokuwa tunapanga, tukahama. Asifiwe akaumwa kolera, akabaki macho tu, akapona. Yote ile tulipita. Kumbe kifo kilikuwa kinatungojea pale watu wanakula mishikaki na muziki unalia!

Ilikuwa bonane, siku ya mwaka mupya. Patro Bienvenu, tajiri mumoja wa hapa, alikuwa amefungua parke ya watoto, kiwanja cha michezo, pembeni ya ziwa. Kile kiwanja tunakijua wote. Zamani kilikuwa nyumba za watu, ziwa likazibeba, kisha maji yakarudi nyuma kidogo na kuacha misingi na vyuma vimesimama kama mifupa. Bienvenu alimwaga muchanga juu, akazungusha shiti za plastiki, akaweka nyumba ya mupira yenye kujazwa hewa, bembea, na treni ya watoto.

Treni yenyewe ilikuwa moto, pikipiki ya magurudumu tatu, inavuta mapipa ya mafuta. Mapipa walikuwa wameyalaza, wakayakata juu, wakayawekea viti ndani na magurudumu ya toroli chini. Fundi Kiza ndiye aliyeyachomea vyuma, na Kiza huyo huyo ndiye aliyekuwa anaendesha. Pipa la mbele walilichora macho na meno. Siku ya kufungua, mukubwa wa serikali alikaa ndani yake akapigwa picha. Neema aliliona akitoka masomo, basi nyumbani hakukuwa tena habari nyingine.

"Koko, iko na macho," ananiambia minye bibi yake. "Inatuangalia sisi watoto tu."

Asifiwe hakujua treni ni nini. Alikuwa anazunguka nyumba na kifuniko cha sufuria anasema puu, puu, mpaka jirani akauliza kama tumefuga bundi.

Nikawaogesha, nikawapaka mafuta, nikawavalisha nguo mupya. Jana yake nilikuwa nimetoka bondeni na magunia, miguu imevimba, viatu haviingii. Nikaenda na ndala. Pale parkeni wamama wamevaa vizuri, watoto wanapiga kelele, kila muntu anapiga picha. Nikasema na moyo, leo na minye nitakaa kama muntu.

Tulipofika ku treni, Kiza akamuangalia Asifiwe. Akasema huyu ni mudogo, walio chini ya materneli hawapandi. Asifiwe akaanza kulia, akashika lile pipa na mikono yote miwili. Nikamwambia Kiza mutoto ana miaka mine, ni mufupi tu kama baba yake.

Hilo ni kosa la kwanza. Nilidanganya.

Kiza akacheka. Akasema kama ni hivyo nimufunge mwenyewe, maana mikanda ya viti ilishakatika tangu Noeli. Nikamuuliza kama iko salama. Akaniambia, "Mama, treni haina mabawa. Itakwenda wapi?"

Wamama wengine walikuwa wanatembea pembeni ya mapipa, kila mumoja ameshika mutoto wake mukono, treni inakwenda polepole nao. Ndiyo ilikuwa namna yao. Na minye ningefanya vile vile, mutoto angekuwa hai. Lakini miguu ilikuwa inawaka. Niliona kiti cha plastiki chini ya kivuli, hakuna aliyekikalia. Nikasema nikimufunga vizuri sana, haina haja ya kutembea.

Nikavua kitenge changu cha juu. Nikamuweka Asifiwe ndani ya pipa la mwisho, Neema pembeni yake. Nikamuzungusha kiunoni, nikapitisha ku chuma nyuma ya kiti. Mutoto alikuwa anarukaruka, hatulii. Basi mikono yangu ikafanya inachojua. Goti ku pipa. Meno. Nikavuta mpaka kitambaa kikalia.

Mama mumoja wa pembeni akacheka sana. "Weye mama, umefunga mutoto ao umefunga muchele wa kwenda Bukavu?"

Na minye nikacheka naye! Nikamujibu kwamba wangu hata akilala hataanguka.

Neema akasema, "Koko, umemukaza."

Nikamwambia anyamaze, ashike mudogo wake. Nikaenda kukaa.

Treni ikazunguka. Walipopita mbele yangu Asifiwe alikuwa anasema puu, Neema ananipungia mukono. Nilikuwa na fanta baridi. Nawaambia ukweli wote, hata ile fanta naisema.

Watoto waliokuwa wanangoja walikuwa wengi. Bienvenu akatoka ku mulango, akamupigia Kiza kelele aongeze mwendo, watu wasichoke wakarudi kwao. Kiza akaongeza. Wamama waliokuwa wanatembea wakashindwa kufuata, wengine wakawabeba watoto wao wakawatoa. Minye niliona. Nilisimama nusu. Kisha nikasema, wangu nilimufunga.

Ku kona ya chini, upande wa ziwa, pipa la mwisho likakatika. Nililiona linabaki nyuma, kama linapumzika. Kisha likaanza kuteremuka peke yake. Muchanga ulikuwa unainama pale, na Bienvenu hakuweka hata ukuta wa miti. Pipa likaenda likagonga musingi wa nyumba ya zamani, likaruka, likaanguka majini kichwa chini. Neema alirushwa pembeni, akasimama, maji yamemufika shingoni. Asifiwe hakurushwa. Nilikuwa nimemufunga.

Watu wa kuinua walikuja mbio. Pipa lilikuwa limenasa ku vyuma vya ile nyumba, halipinduki. Nikaingiza mikono chini, nikalipata fundo. Kitenge kikiloa kinakaza zaidi, hilo na lenyewe nalijua tangu zamani, mvua ikinyesha juu ya magunia nilikuwa nafurahi. Nikauma. Nikavuta. Kisu kikatoka kwa mama wa mishikaki, kikapita mukono kwa mukono.

Kijana alipokata, Asifiwe akatoka mwepesi. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki mguuni.

Sasa nifike ku neno lililonifanya niandike. Musifikiri ni hilo. Hilo watu wa Uvira wanalijua, waliliona.

Faida alifika tukiwa tumeshazika. Hakulia sana. Alikaa chini ku mukeka, akashika kile kitenge kilichokatwa, akakigeuzageuza. Neema alikuwa amekaa ku mulango. Faida akaniuliza, "Mama, ulimufunga namna gani?"

Nikasema, "Kama mutoto anafungwa."

Nyumba nzima ikasikia. Faida akamugeukia Neema. "Basi weye ulikuwa pembeni yake. Fundo hilo ni kuvuta ncha tu. Mbona ulikuwa unamufungua nyumbani kila siku?"

"Nilivuta, mama, pipa likiteremuka."

"Hukuvuta. Uliogopa ukaruka."

"Nilivuta. Likakataa."

Na Neema akanitazama minye. Hakulia. Alikuwa anangoja niseme. Alikuwa ananipa nafasi, yeye mutoto wa materneli, minye mwanamuke wa mvi!

Nikainama nikapanga mukeka.

Ndugu zangu, ndiyo dhambi yangu hiyo. Ya pipa ni ujinga na uchovu, Mungu ataipima. Hii ya mulangoni niliifanya na macho wazi. Nilimuachia mutoto mudogo kifo cha ndugu yake akibebe, ili minye niende ku soko watu wasininyooshee kidole.

Faida akamuchukua Neema akarudi naye Kalemie. Mara ya mwisho kupokea simu yangu, aliniambia Neema amekataa masomo. Kutwa nzima anafunga kamba na kuifungua. Akipata iliyokaza na kushindwa, anapiga mikono yake ku ukuta. Faida akaniuliza kama ninajua ni ugonjwa gani. Nikasema labda ni malaria. Malaria! Tangu hapo simu inaita, haipokelewi, na ninaona ni haki.

Na woga wangu uliwalinda wengine. Patro Bienvenu alikuja kilioni na gunia la muchele. Muchele kwangu minye! Akanivuta pembeni, akaniambia na sauti ya upole, "Mama, tukifika mbele ya hakimu ku tribunali, swali la kwanza litakuwa nani alifunga mutoto." Wakubwa wa jamaa waliponiuliza kama tushitaki, nikasema tumuachie Mungu. Wakanisifu kuwa na moyo wa Mukristu. Sikumuachia Mungu kitu. Nilikuwa najificha nyuma yake.

Kiza na yeye alikuja, jioni, amekunywa. Alikaa chini, akalia, akaniambia neno ambalo nalala nalo. Kwamba ile pini ya chuma ya kushikanisha mapipa ilipotea asubuhi ile. Kwamba alimwambia patro, na patro akamujibu afunge na waya, watu wako ku mulango. Akafunga na waya. Kesho yake nilipomutafuta, akasema hakuniambia kitu, ni pombe na huzuni vilinichanganya minye mwenyewe. Kiza, minye sinywi. Unajua.

Nawaambia nini wamama wenzangu? Mukipeleka watoto ku michezo, tembeeni pembeni yao, hata kama miguu inakatika. Usidanganye miaka ya mutoto ili asilie leo. Usifunge mutoto fundo usiloweza kufungua na mukono mumoja. Na ukiulizwa, sema. Sema siku hiyo hiyo, kabla mutoto hajaanza kungoja. Minye nimesema, lakini sidanganyiki, imechelewa. Asifiwe harudi. Neema labda ameshajifunza kwamba wakubwa hawasemi.

Neema mama yangu, kama kuna atakayekusomea: ulivuta vizuri. Hata mwanaume angevuta, lisingefunguka. Halikuwa fundo la mutoto. Koko alidanganya.

Juma lililopita nilipita na magunia pale parkeni. Wanapaka treni rangi mupya, ya buluu. Macho wameyachora tena, makubwa kuliko ya zamani. Nikasogea ku shiti nikaangalia kati ya mapipa, pale yanaposhikana. Ni waya, imepakwa rangi juu yake. Mulinzi akanifukuza.

Basi nauliza mbele ya watu. Patro Bienvenu, nani alisema afunge na waya? Kiza, mukono wa nani uliifunga? Na weye mukubwa wa serikali uliyekuja kukata utepe, ukakaa ndani ya pipa la mbele upigwe picha na watoto wetu, ulitazama nyuma yako hata mara moja kabla ya kuruhusu? Musinitumie muchele. Musinitumie pasta wa kunituliza. Nimeshasema mbele ya Uvira yote nani alifunga fundo. Semeni sasa nani alifunga waya.