Debe la Mchana

Mume wangu Issa aliuawa mchana kweupe akipiga debe, na ng'ambo ya bonde watu walikuwa wanamsikia na kucheka.

Alikuwa amesimama katikati ya mpunga wetu. Mkono mmoja ameshika debe, mwingine kijiti. Alipiga mpaka kijiti kikavunjika, akaendelea kwa ngumi. Ng'ombe walikuwa wameshaingia. Nyuma yao walikuja walinzi wa ng'ombe, na aliyetangulia alikuwa na bunduki.

"Weka chini hilo," akamwambia.

Issa hakuweka.

Nikasikia mlio. Debe lilianguka kwanza, halafu yeye.

Hapo ndipo nilipopiga yowe, na watu wakaja. Walikuja wengi, mbio, na mapanga mkononi. Ndiyo kusema walikuwa karibu muda wote ule.

Kwa nini hawakuja mapema, hilo ndilo nataka kulieleza. Nimeishia darasa la nne, sijui kuzungusha maneno. Nitataja watu kwa majina yao, na atakayechukia achukie.

Siku hizi nauza vitumbua hapa Kilwa Masoko. Watu wa rika langu wakija kunywa chai hawana mazungumzo mengine: maisha ya zamani na ya sasa, yapi bora? Mmoja atasema zamani kulikuwa na heshima na chakula tele. Mwenzake atamrukia: "Zamani ipi hiyo? Ile ya kupanga foleni ya sabuni?" Wanacheka, wanaongeza sukari. Mimi nageuza vitumbua vyangu.

Zamani ile naijua. Mama yangu na shangazi yangu walikuwa na kanga moja nzuri ya kwendea msibani. Mmoja akienda kuzika, mwenzake anabaki nyumbani. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Duka la ushirika lilikuwa na rafu nyingi na juu ya rafu hakuna kitu. Kwa hiyo asije mtu kunidanganya kwamba tulikuwa peponi.

Ikaja ruksa. Kila mtu ruksa kuuza, ruksa kununua. Wallahi mimi niliipenda. Gauni langu la kwanza lisilo la kushona kwa viraka lilikuwa la mitumba, Issa alilinunua sokoni Tingi baada ya kuuza ufuta, nikalivaa mpaka shambani kwa kiburi. Chumvi ikapatikana, sabuni ikapatikana. Issa akapata baiskeli. Hakuna aliyetuambia kwamba mlango ukifunguliwa, anayeingia hachaguliwi.

Tulilima Nakihoro, bonde la mpunga ndani huko, mbali na barabara. Masika ikianza kijiji kinahamia bondeni. Kila familia inajenga dungu lake, kibanda cha juu ya miti, na tunakaa humo mpaka mavuno tukilinda. Dungu na dungu ni mbali, mtu humwoni, lakini unamsikia. Kwa hiyo bonde zima tuliishi kwa masikio.

Kulikuwa na sauti mbili. Debe ni la wanyama. Usiku ni nguruwe, nawe ukilisikia unapiga la kwako ili wasihamie kwako. Mchana ni nyani na ngedere, na nyani wa mtu ni wa mtu, hakuna anayeinuka.

Yowe ni jambo lingine. Yowe ni la binadamu. Moto, chui, mtoto kuzama, mtu kuvamiwa. Ukisikia yowe unaacha chakula mdomoni. Huulizi ni nani, huulizi mmegombana naye au la. Asiyeitikia yowe, siku ya msiba wake watu walikuwa wanachelewa makusudi. Hata katika ile miaka ya kanga moja, yowe lilikuwa halina foleni.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Nassoro Mkwinda. Namtaja. Ndiye aliyemleta tajiri mmoja wa mjini ambaye jina lake hatukuambiwa vizuri. Sisi tulimwita Kisogo, maana kila alipokuja tulimwona kwa nyuma tu, gari likiondoka. Alileta ng'ombe wengi bila mkutano wa kijiji kuulizwa. Nassoro akasema hilo ndilo soko huria, mwenye mali asizuiwe.

Wachungaji wa Kisogo walikuwa watu wa kuajiriwa tu, waliotoka mbali pamoja na wake zao. Nilizoeana na mmoja, Mama Gindu. Aliniletea maziwa, nikampa mihogo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akaniambia siku moja, "Bwana wetu anasema malisho ni hapa. Sisi tunapenda kurudi kwetu." Sikuwahi kumwona kuwa adui.

Mwaka wa kwanza ng'ombe walikula pembezoni. Mwaka wa pili waliingia shamba la bibi mmoja kikongwe, wakamaliza mpunga wote asubuhi moja. Issa alikuwa anapita, akapiga yowe. Watu wakajaa. Kukawa na kusukumana, na ng'ombe mmoja akakatwa mshipa wa mguu.

Wiki haikuisha, Nassoro akaitisha mkutano. Nilikuwepo, nimekaa chini na wanawake wenzangu.

"Kuanzia leo," akasema, "mpiga yowe kwa ajili ya ng'ombe ni mchochezi. Yowe linaleta vita. Mwenye malalamiko aje ofisini."

Hamisi, mdogo wake Issa, akauliza, "Mwenyekiti, tukivamiwa tuimbe taarabu?"

Watu wakacheka. Nassoro hakucheka. Akaamuru mgambo wamkamate Issa, wakamfungia kwenye lile ghala la ushirika lililobaki tupu. Alipotoka alikuwa na uvimbe jichoni, na mgambo mmoja alikuwa amemnong'oneza kwamba akirudia atapelekwa jela, mke atalima peke yake.

Baada ya hapo Kisogo akaleta walinzi. Hao hawakuwa wachungaji. Hawakukaa na wake, hawakuomba maji kwa mtu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke. Tulikula mihogo ya kuchemsha, mtoto wetu wa kike yuko mgongoni kwangu, bado ananyonya. Hamisi alikuwa na dungu lake ng'ambo ya bonde, akapaza sauti kama kawaida yake:

"Kaka Issa! Nyani wako wameoa huku kwangu! Lete mahari!"

"Kadai kwa ngedere!" Issa akamjibu. "Ndio wajomba zao!"

Tukasikia kicheko cha Hamisi na mkewe kikija juu ya mpunga. Nilishuka kuchuma kisamvu.

Adhuhuri ilikuwa imekaribia nilipoona majani yakilala upande wa juu.

Nikadhani upepo. Hakukuwa na upepo.

Nikamwona ng'ombe wa kwanza, halafu wa pili, halafu nikaona fimbo, halafu bunduki. Nikakimbilia kwenye dungu. Nilishafungua mdomo kupiga yowe, Issa akaniziba kwa kiganja.

"Usipige. Unataka wanifunge tena?"

"Issa, wana bunduki."

"Napiga debe. Hamisi atasikia."

Hamisi alisikia. Bonde zima lilisikia. Lilikuwa debe la mchana.

Baadaye mke wa Hamisi alinihadithia walivyofanya kule. Hamisi alikuwa anakula. Akasema, "Wakwe zake leo wamekuja na njaa," akachota tonge lingine. Debe likazidi. Akasema, "Leo kaka anawachezea ngoma kabisa." Na kila dungu walikuwa na utani wa namna hiyo.

Mimi nilikuwa nimelala chini ya dungu, mtoto nimemkumbatia kifuani, mkono juu ya mdomo wake.

Debe likaanguka.

Yaliyofuata watu wa wilayani waliyaita mapigano ya wakulima na wafugaji. Sisi tuliyaita vita, maana tulipokimbia hatukujua tutalala wapi. Watu walioitikia yowe langu walimkuta Issa ameshakata roho. Walinzi walikuwa wameondoka. Vijana wetu hawakwenda nyumbani kuoga wala kuzika. Walichukua magobore na pinde wakafuata nyayo.

Hawakuwapata walinzi. Waliwapata wachungaji.

Nilimwosha mume wangu kwa mikono yangu pamoja na bibi yule kikongwe, maana wanaume waliobaki walikuwa wachache, nao wanachimba kaburi. Tulipokuwa tunamfunika sanda tukaona moshi upande wa maboma ya wachungaji. Hamisi alirudi jioni, macho mekundu. Hakunitazama. Nilimuuliza amefanya nini.

"Shemeji," akasema, "tulidhani nyani."

Mpaka leo hajasema lingine juu ya siku ile.

Walinzi wakarudi kulipiza, safari hii kwenye madungu. Waliochelewa kuondoka walipigwa risasi kwenye mpunga wao. Walichoma ghala, walichoma msikiti wa makuti. Tukatoka Nakihoro kwa makundi, wenye watoto mbele.

Kwenye njia ya Tingi nikakutana na Mama Gindu.

Alikuwa amebeba kibuyu na mtoto mmoja. Kabla ya moto alikuwa na watoto wawili. Tulisimama tukatazamana. Nywele zake zilikuwa na majivu. Akaniambia, "Pole." Neno hilohilo lilikuwa deni langu kwake. Nikapita. Vijana waliochoma boma lake nawajua, ni ndugu zangu, nao wana la kujibu. Lakini moto wa kwanza hawakuuwasha wao.

Askari walipofika, bonde lilikuwa limeshanyamaza. Ng'ombe wa Kisogo walihamishwa. Watu wa Nakihoro tukatawanyika, wengine Kitomanga kwa jamaa, wengine Tingi, mimi huku Masoko. Mpunga ule hakuna aliyeuvuna. Bonde sasa ni vichaka, na wajukuu wa watu wale hawajui hata makaburi yako wapi.

Kesi ilikuwepo. Nilikwenda mahakamani na mtoto mgongoni. Walinzi wawili walikuwa kizimbani, wanasema walikuta maiti tu, kwamba shamba lile halikuvamiwa, ng'ombe walipotea njia. Nassoro Mkwinda akaitwa kueleza kama mwenyekiti. Alivaa kanzu nyeupe. Nilidhani, huyu ni mtu wa kwetu, anajua.

Akasema, na masikio yangu yalisikia: "Mheshimiwa, desturi ya kwetu mtu akivamiwa hupigwa yowe. Siku ile, kabla ya kifo, hakuna aliyesikia yowe. Lilisikika debe tu, na debe ni la nyani."

Hakudanganya hata neno moja. Ndiyo maana sijapata usingizi mzuri tangu hapo.

Nilisimama nikapiga kelele kwamba yeye ndiye aliyelikataza. Nikatolewa nje. Walinzi wakaachiwa. Kisogo hakuitwa, na nasikia alikufa kitandani kwake, watoto wamemzunguka.

Basi wakiniuliza zamani na sasa, jibu langu ni hili. Sitaki kurudi kwenye kanga moja. Binti yangu amesoma, ana simu, hajawahi kufua kwa majani. Vitu vimekuja, na vitu ni vizuri. Lakini tulikuwa na kitu kimoja kisichouzwa dukani: maskini akilia, maskini wenzake wanakuja. Kitu hicho hakikuzeeka chenyewe kikafa. Kilikatazwa, kwenye mkutano, na mtu mwenye jina, kwa ajili ya mtu mwingine mwenye mali. Wanaosema ni dunia tu imebadilika wanamfichia mwenyekiti.

Na mwenyekiti yupo. Ana nyumba ya bati hapahapa Masoko. Watoto wanampa shikamoo naye anaitikia marahaba kwa sauti nzito. Juzi alikaa mbele ya chai yangu, hakunitambua, akawaambia vijana kwamba zamani kulikuwa na amani kwa sababu watu walitii viongozi.

Nassoro Mkwinda, mimi ni Binti Salum, mjane wa Issa wa Nakihoro. Uliziba mdomo wa kijiji kwa faida ya nani? Kisogo alikuomba, au ulijitolea mwenyewe? Na pale mahakamani, ulipotumia ukimya ulioutengeneza wewe, ulimwonaje mtoto aliyekuwa mgongoni kwangu? Ni mtu mzima sasa, anataka kukusikia. Hamisi naye yuko tayari kuja. Mama Gindu kama yu hai, nitamtafuta, aje aulize la mwanawe.

Usiniambie tumwachie Mungu. Mungu ana siku yake. Hii ya leo ni yetu, na wewe bado una meno. Jibu.