Ngozi ya Redio

Enzi zetu za vijiji vya ujamaa, redio moja ilisikilizwa na kaya kumi, na mwenye nayo alisalimiwa mara mbili. Ili tuipate, Baba aliuza maksai wake mmoja, akabaki na mwingine asiyeweza kuvuta plau peke yake. Alirudi kwa miguu kutoka duka la ushirika Mugumu, redio ameifunga kwenye shuka, pamoja na karatasi ya Kiingereza. Mimi, binti wa darasa la saba na bingwa wa Kiingereza kwa kukosa mpinzani, nikasoma herufi kubwa: ikifa ndani ya mwaka mmoja, wanatoa nyingine. Herufi ndogo niliziruka. Niliona aibu kusema sizielewi.

Mama, akichambua mlenda, hakufurahi. "Anayekuuzia kitu huku anakueleza kikifa atafanya nini, huyo anajua jambo."

Baba alimcheka. Kwetu ahadi ya namna hiyo haikuwa ngeni. Ng'ombe wa mahari akifa mapema, unapeleka ngozi kwa wakwe waliomtoa. Wanaitazama, wanakupa togwa, wanakutolea mwingine.

Redio ilikufa mwezi wa nne, katikati ya taarifa ya habari. Baba akachukua kisu, akafungua skrubu, akalibandua ganda polepole asije akalikwaruza. Matumbo yake akayaacha mezani. Tukaenda Mugumu pamoja, mimi nikiwa msomaji wa karatasi.

Muuza duka, kijana mwenye kalamu sikioni, aligeuza ganda huku na huku akitafuta redio.

"Mzee, nani kaifungua?"

"Mimi, mura, kijana wangu. Ningekuletea ushahidi gani mwingine?"

Kijana akanionyesha mstari wa mwisho, ule mdogo, nisome. Nikakwama. Akausoma mwenyewe: ikifunguliwa na asiye fundi wao, hakuna nyingine. Baba aliniangalia mimi, si yeye. Kisha akaomba arudishiwe ganda lake. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono.

Leo nina digrii, na hata pasi siinunui kabla ya kusoma karatasi yake kuanzia chini kwenda juu, muuzaji akihema. Wanangu hubonyeza "nakubali" kabla sijavaa miwani, halafu wananiita mshamba. Namkumbuka mtamba aliyetolewa mahari ya dada yangu, akafa mwaka uleule. Baba alibeba ngozi asubuhi, na jioni akarudi akiswaga mwingine. Hakuna aliyemuuliza nani alimchuna.