Mtoto wa Tano

Mwaka wetu wa kwanza Ilford, pembeni mwa London, nilimchukia mtu aliyekufa karne nyingi kabla sijazaliwa. Sisi ni Wabulushi wa Mombasa, na mtu huyo ndiye aliyeanzisha kabila letu miongoni mwa makabila ya Wabulushi. Baba alikuwa hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kumtaja.

Tulikuwa tumehamia London na pasipoti zetu za Kiingereza, kama familia nyingi za Kiasia zilizoondoka Kenya miaka ile, tukapanga vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Madirisha yalipitisha upepo, hita ya mafuta ya taa ilinuka, na Baba, aliyekuwa na duka lake Mombasa, sasa alipanga biskuti kwenye makopo kiwandani. Nadhani ndiyo maana alimng'ang'ania yule mtu wa kale. Wakati ule sikuwa na subira ya kuwaza hivyo. Kila Jumapili hadithi ilikuwa ileile: Mkuu wa Wabulushi wote alitoka Halab, nchi ya Sham, na watu wake, akazaa watoto watano, na kila mtoto akaanzisha kabila. Wanne wakagombana juu ya maziko ya baba yao. Wa tano akanyamaza, akafunga ndoa na mtoto wa ami yake, na hapo ndipo tulipopatikana sisi.

"Sisi ni wa yule wa tano," Baba alisema, akigonga meza. Kibulushi chenyewe alijua salamu na matusi tu; hadithi yote aliisimulia kwa Kiswahili. Sisi watoto tulimwita huyo wa tano Babu. Mimi nilimpa ndevu na upanga, na Baba hakunisahihisha.

Ningemvumilia Babu na ndevu zake kama asingejiingiza kwenye ndoa yangu. Nilikuwa nimempata mtu. Alikuwa kondakta wa basi, Mzanzibari, akikaa Tottenham, mpole, na alitaka kunioa kwa heshima zote. Mama alimpenda tangu siku aliyokuja kwetu akaomba mchuzi mara ya pili. Baba naye alimpokea vizuri, akamkalisha karibu na hita, akamsimulia hadithi nzima kuanzia Halab. Mgeni alipoondoka, Baba akasema haiwezekani.

"Kwa nini, Baba?"

"Ukoo hubebwa na mwanamume. Wewe ukiolewa na mtu wa nje, watoto wako si wetu tena. Wamepotea."

"Watapotea wapi, Baba? Basi la Tottenham lapita hapo chini."

"Usinifanyie mchezo!"

Basi ikawa hivyo majira yote ya baridi. Mimi naomba, yeye anamwita Babu kutoka kaburini aje kunikatalia. Nilichoka. Niliona aibu kumwambia mchumba wangu kwamba anayetuzuia ni maiti, tena maiti ambaye hatukujua hata amezikwa wapi. Yeye alisema atangoja, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupoa, na mimi nikaogopa.

Jumapili moja, vyombo bado viko mezani, nilianza tena. Baba akapandwa na hasira.

"Hata huyo wa tano hakutafuta mtu wa mbali! Aliolewa na mtoto wa ami yake, akatulia!"

Mama aliacha kumimina chai.

"Aliolewa?" nikauliza.

Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hilo hata mtoto mdogo wa Mombasa halikosei. Miaka yote ile Baba alikuwa akipita salama kwenye "mtoto" na "yeye" na "alifunga ndoa", maneno yasiyo na ndevu wala hereni. Siku ile ulimi ukamponyoka.

"Babu ni mwanamke? Baba! Umenizuia kuolewa kwa ajili ya babu ambaye ni bibi? Kabila zima limebebwa na binti, halafu mimi ndiye nitakayepoteza watoto?"

Nilikuwa na hasira, na papo hapo nilitaka kucheka. Nilingoja afoke. Hakufoka. Alitazama mikono yake, na ghafla akaonekana mdogo kwenye koti lake kubwa la mtumba.

"Skuli walikuwa wakituimbia," akasema. "Wale wa makabila ya kaka zake wanne. Watoto wa mwanamke, watoto wa mwanamke! Nikarudi nyumbani nalia. Baba yangu akanambia, sema 'mtoto' tu, yatosha. Hakuna atakayeuliza."

Kweli hatukuuliza. Nilimhurumia, na ilinikera kwamba namhurumia, kwa sababu hasira zangu zilikuwa bado za moto na nilikuwa na haki nazo. Mama akammiminia chai. Baba akakishika kikombe bila kukinywa.

"Mwambie aje na wazee wake," akasema mwishowe. "Lakini uwaambie mapema, kabla hawajavua viatu, kwamba sisi ni watoto wa mwanamke. Atakayecheka, ashuke ngazi."