Jina Kwenye Safu ya Baba

Mama yangu aliacha kwenda kufagia makaburi ya Lumuma baada ya msiba mmoja ambao mimi sikuhudhuria. Kwetu milimani ukoo hufuata upande wa mama, na kabla ya mvua kuanza wanawake wa ukoo hupanda makaburini kung'oa majani na kufagia. Siku ya msiba huo, ndugu mmoja alimwambia mama mbele ya watu asikae na wenye kilio, kwa sababu bibi yake, yaani mama wa mama yake, alikuwa mtoto wa kununuliwa. Eti alibadilishwa kwa mtama wakati wa njaa, kwa hiyo uzao wake wote ni wageni pale. Mama alijifunga kanga yake akahamia nyuma, na tangu hapo mvua zikikaribia husema miguu inamuuma.

Anaishi nami Mikumi, na miguu hiyo hiyo inampeleka sokoni na kumrudisha bila shida. Niliumia kuliko yeye, au ndivyo nilivyodhani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilitaka kupanda Lumuma nikamtafute huyo ndugu tusemezane. Mke wangu akaniuliza nitamwonyesha nini, na kweli sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Ndipo nikakumbuka kitabu cha ubatizo, ambamo kila aliyebatizwa huandikwa pamoja na wazazi wake.

Kanisa la zamani kule milimani bado linacho. Mchungaji aliniruhusu nipige picha kurasa za mwanzo kwa simu, huku akinionya nisizibane, maana mchwa walishakula pembe zote. Nikarudi Mikumi nikajiona nimemaliza kazi. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nimestaafu, nimesoma miandiko ya watoto ambayo wenyewe hawakuweza kuisoma. Nikasema huyu katekista wa zamani aliyekiandika kitabu hicho hawezi kunishinda.

Alinishinda kwa wiki kadhaa. Alikuwa na tabia ya kushusha mikia ya herufi mpaka inakata mstari wa chini, kwa hiyo jina la mtu mmoja lilining'inia ndani ya jina la mwingine. Wino ulikuwa umepauka ukawa rangi ya chai. Nilijifunza kumsoma taratibu, nikianzia majina ya vijiji ambavyo bado vipo, nikayatumia kama ufunguo wa herufi nyingine. Nilianza hata kumpenda. Pale alipochoka, mwandiko ulilala. Alipochovya kalamu upya, ulisimama tena.

Mwishowe nikampata bibi yake mama. Mtoto mchanga, jina la mama yake likafuata, na katika safu ya baba kulikuwa na jina la mwanamume. Nilifurahi nikapiga meza. Kumbe alikuwa na mama na baba, tena waliobatizwa! Nikarudi nyuma kwenye kurasa za watu wazima kuwatafuta wazazi hao, nao nikawakuta wamefuatana, mwanamume na mwanamke, kijiji kimoja. Kila mmoja aliandikiwa jina la mama yake, na lilikuwa jina moja. Walikuwa kaka na dada, tumbo moja.

Nilifunga simu. Nilikuwa nimekwenda kutafuta heshima ya mama yangu na nimechimbua kitu kibaya kuliko mtama. Nilisoma tena na tena nikitumaini nimekosea, lakini kwa mara ya kwanza yule katekista alikuwa ameandika vizuri, kila herufi mahali pake. Mama aliponiuliza nimefikia wapi nilimwambia mwandiko ni mgumu. Akaniangalia. Nimekuwa mwanawe muda mrefu mno kumdanganya vizuri.

Asubuhi moja tukiwa tunachambua mchicha, aliniambia niseme tu, hata kama ni kweli alinunuliwa. Nikasema. Nilisema nikitazama sinia, maneno yakitoka vipande vipande: safu ya baba, kaka, dada, mama mmoja.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akaweka mchicha chini na kujifuta macho kwa upindo wa kanga. Akaniuliza huyo katekista alikuwa mtu wa wapi. Nikamwambia mchungaji anasema alikuwa mtu wa milima ile ile. Basi, akasema, aliuliza kama watu wa kwetu wanavyouliza: mtoto huyu ni wa nani? Na kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Mjomba ndiye humtoa mbele ya watu, humwombea, humwozesha. Baba mzazi huenda alikuwa amesimama pale pale kanisani na hakuna aliyemtazama. Na mimi, mtoto wa milima hiyo, nilikuwa nimesoma safu ile kama karani wa mjini. Niliona aibu, na nafuu kubwa kuliko aibu.

Kisha kicheko kikamwisha. Akaweka mikono juu ya sinia.

"Mtoto wa kununuliwa hana mjomba," alisema.

Alinitaka nimwonyeshe. Nikaikuza picha, naye ambaye hasomi bila miwani akaweka kidole juu ya jina lile na kukiacha hapo mpaka kioo kikazima.

Kabla ya mvua tulipanda Lumuma. Nilikuwa nimechapisha kurasa zile Kilosa mjini, nimezitia kwenye bahasha, na hotuba yangu kwa yule ndugu nilikuwa nimeshaipanga kichwani. Mama hakutaka twende kwake. Tulipita nyumba yake, tukapita kanisa, tukafika makaburini, ambako mengi hayana alama na hakuna ajuaye nani amelala wapi. Mama alivua viatu, akapiga goti kidogo kama binti anayeingia kwa wakubwa.

"Shikamooni, wajomba."

Alingoja kidogo, muda ule wa mtu kuitikiwa, ndipo akaanza kufagia.